Mnara wa Watu, na Radhi Nisiyoiomba

Malindi, njia ya Ganda, alasiri

Kwa mwanangu Sidi,

Niwie radhi kwa kukuandikia barua ilhali hatupo mbali hata hatua kumi na mbili, wewe ukikunja nguo zako chumbani na kuimba kwa sauti ambayo unadhani siisikii. Ningeweza kukuita. Lakini wamjua baba yako: akitaka kusema husitasita, hukohoa, huomba radhi kabla hajatamka neno la kwanza, na akimaliza kuomba radhi huwa amekwisha kulisahau neno lenyewe. Leo nina jambo ambalo sitaki lipotee njiani. Kalamu imenizoea, itanivumilia.

Sitakuandikia habari za maji ya kunywa huko Mombasa, wala za kufunga sanduku kwa kamba mbili, wala za mahali pa kukaa melini ili usitapike. Hayo mama zako wadogo wa Ganda wamekwisha kukwambia mara tatu, na mara ya tatu walikufinya ili usisahau. Mimi nataka kukwambia habari ya karatasi niliyokupa juzi, na ya kile kitambaa cheusi kilichokuwa mbeleko yako, na ya mji mmoja wa Ulaya ambao sikupata kukusimulia miaka yote hii, kwa kuwa niliona haya.

Kwanza karatasi.

Siku nne zilizopita, ulipokuwa kisimani, Mwalimu Stefano alifika hapa pamoja na wazee wawili wa kanisa. Nikawatolea viti.

"Shikamoo, Mzee Filipo."

"Marahaba, Mwalimu. Karibuni. Kuna heri?"

"Heri tupu. Tumekuja kwa jambo dogo tu."

Nikawaza kwamba jambo dogo huletwa na mtu mmoja, si watatu.

"Ni habari ya binti," akasema. "Mwezi uliopita alikuwa Ganda, kwenye kuondoa matanga ya marehemu mama yake."

"Alikuwapo."

"Ngoma ilipigwa."

"Ilipigwa."

"Na binti akacheza."

"Huenda alisimama tu karibu na wanaocheza," nikasema, maana hata hapo nilikuwa nikitafuta pa kuinamia.

"Mzee, alifunga hando, ile sketi ya marinda, kama wanawake wa kule. Na mabega yalionekana yakitikisika."

Mzee mmoja akaongeza kwa upole sana, "Mke wangu anasema alicheza nyimbo sita."

Ningalipaswa kumwuliza mkewe alikuwa akifanya nini huko hata akapata kuhesabu nyimbo. Mwalimu Stefano akanieleza kwamba kesho asubuhi, kabla hujateremka bandarini, utasimama mbele ya watu kwenye sala ya asubuhi na kuomba radhi kwa maneno yaliyoandikwa. Ndipo utakapopewa cheti. Bila cheti, ile shule ya Mombasa haitakupokea kujifunza ualimu.

Nami nikawashukuru, Sidi. Niliwashukuru kwa kuja. Nikawasindikiza hata njiani.

Kazi yangu waijua. Miaka mingi nimekaa kwenye baraza ya duka la Mhindi pale sokoni nikiwaandikia watu barua, na barua inayotafutwa kuliko zote ni ya kuomba radhi. Ng'ombe wa mtu ameingia katika shamba la pamba la Mzungu: aandikiwe radhi. Mtu ameitwa na Bwana Mkubwa wa Serikali na hakufika kwa kuwa alikuwa akizika: naye aandikiwe. Ninazo za namna tatu, ya kuinama, ya kupiga magoti, na ya kulala kifudifudi, na wateja wangu huzitaja hivyo hivyo, kama mtu anunuaye kitambaa. Yako nilikuandikia ya kupiga magoti. Nikaipamba. Nilipoimaliza niliiona nzuri.

Uliisoma yote umesimama hapo mlangoni. Kisha ukasema, "Baba, imeandikwa vizuri. Lakini naomba radhi kwa nani? Kwa mama?"

"Kwa kanisa, mwanangu. Ni maneno tu."

Uliikunja, ukaitia sandukuni, na tangu siku hiyo unaimba. Nimekusikiliza siku mbili. Zile si nyimbo za mtu anayekwenda kuomba radhi.

Sasa nikueleze nilivyojifunza kuinama, si kwa kujitetea.

Wajua kwamba mimi sina kwetu. Nilishushwa pwani hii nikiwa mtoto wa kubebwa, nikatolewa katika chombo cha wauza watumwa kilichokamatwa baharini, na hapakuwa na mtu wa kunitambua. Misheni ikanilea. Ikanipa jina, ikanipa kusoma na kuandika, ikanipa na kofia. Siidharau hata leo. Lakini mtoto aliyelelewa kwa hisani huzoea mapema kusema asante na samahani, nami nilizoea kuyasema yote mawili kwa pumzi moja. Tulifundishwa kwamba ngoma na zumari ni vya shetani. Nyakati za harusi, zumari ilipolia kutoka nyumba za Waislamu, tulifungiwa madirisha. Nami niliweka sikio kwenye ufa wa dirisha.

Nilipokuwa kijana, kabla ya reli, nilipata kazi ya kuhudumia meza ya nahodha katika meli ya mizigo. Safari moja tulipita mfereji wa Misri tukaenda kupakia mvinyo na karanga za miti katika mji wa Taragona, nchi ya watu waitwao Wakatalani. Watu hao wana mfalme wa Wahispania juu yao, na lugha yao wenyewe vinywani mwao, na hawaiombei radhi. Mtambo wa meli ukaharibika, tukakaa siku kumi na moja. Mabaharia walipata vyumba. Mimi mwenye nyumba alinitazama uso, akasema vyumba vimejaa. Nikamwambia samahani kwa usumbufu.

Aliyenichukua ni fundi wa mapipa aliyeitwa Jaume, aliyekuwa akitia mapipa yetu pete za chuma. Alipata kuwa baharia, akajua Kiingereza cha bandarini kama nilichokijua mimi. Alikaa na mama yake, kizee mfupi aliyefunga kitambaa cheusi kichwani, na kizee huyo hakuamini kwamba mtu aweza kukosa kuielewa lugha yake; alidhani nina uziwi, akanisemesha kwa sauti kubwa. Jaume akawa mkalimani wetu.

Ikawa ni siku za sikukuu ya mtakatifu wa mji wao, mwanamke aitwaye Tekla. Mji mzima uliacha kazi. Siku ya kwanza Jaume alinipeleka mjini juu, na kabla hatujafika nikasikia zumari.

Sidi, ilikuwa zumari. Ya mti, yenye mdomo wa tete, yenye sauti ile ile ya kukwaruza moyo niliyoisikia kwenye ufa wa dirisha. Ngoma ilikuwa pamoja nayo. Na mbele ya mlango wa kanisa kuu, watu waliovaa mavazi ya mashetani, wenye pembe, walikuwa wakicheza kwa zumari hiyo huku wakizungusha fataki juu ya vichwa vyao hata moshi ukatanda. Padri alikuwa amesimama kwenye ngazi. Nilimtazama nione atakavyowafukuza. Alikuwa akikohoa kwa moshi na kucheka.

Kisha wakaja majitu. Ni sanamu za mbao na nguo, ndefu kuliko mnazi mchanga, na ndani ya kila moja mna mtu anayeibeba na kuichezesha. Walipita mfalme na malkia. Nyuma yao wakaja wawili weusi, mume na mke, wamepakwa rangi nyeusi ya masizi, wamevikwa mataji ya manyoya. Watu wakaliona lile jitu jeusi, kisha wakaniona mimi. Mtu mmoja akapaza sauti, na uwanja wote ukacheka. Jaume hakutaka kunifasiria, nikamsihi.

"Wanasema mjomba wako amekuja," akasema. "Wanakuuliza mbona humwamkii."

Mbebaji akaliinamisha jitu mbele yangu kama mtu anayesalimu. Nami nikafanya nini, mwanangu? Nilivua kofia, nikainamisha kichwa, nikasema samahani. Nilimwomba radhi mtu wa mbao kwa kufanana naye.

Usiku ule kizee akaniwekea chakula chao cha sikukuu, mifupa ya mgongo wa samaki mkubwa iliyopikwa pamoja na konokono wadogo. Sijui kama nilikula konokono kwa adabu au kwa woga, ila niliwala. Kizee akanitazama nikiwameza, akasema neno, Jaume akanifasiria.

"Mama anauliza kwa nini ulimwomba radhi mtu wa mbao."

"Mwambie ndiyo desturi yangu."

Kizee akafikiri. "Anasema ni desturi mbaya. Na anasema konokono hutolewa kwanza katika gamba."

Siku iliyofuata walipitisha mkono wa mtakatifu, umehifadhiwa ndani ya fedha, na watu wakapiga magoti barabarani. Mimi nilifundishwa kutopigia magoti sanamu. Nikabaki nimesimama, maneno ya radhi tayari mdomoni. Kizee akanivuta mkono akiwa magotini. "Simama tu," akasema, na Jaume akanong'ona maana yake. "Miguu ni yako. Lakini kofia itoe." Hakuna aliyenigusa. Nilisimama peke yangu kati ya watu elfu waliopiga magoti, mgeni, mweusi, Mprotestanti, na mbingu hazikuanguka. Ningalijifunza hapo hapo, lakini mimi ni mzito wa kujifunza.

Sasa mnara.

Mnara wa mawe waujua. Umeuona ule wa Mnarani, ng'ambo ya Kilifi. Watu wa Taragona siku ya mtakatifu wao hujenga mnara wa watu. Wanaume husimama juu ya mabega ya wanaume, na juu ya hao wengine, hata daraja sita na saba, na mwisho hupanda mtoto mwepesi, hufika kileleni, huinua mkono mmoja, kisha hushuka. Wote hushuka. Hawajengi ili ukae. Hujenga ili mkono ule uinuliwe.

Wanaoonekana ni wale wa juu. Lakini chini yao wako watu mia na zaidi wamebanana duara, kifua cha mmoja kwenye mgongo wa mwenzake, kuzuia shina lisiyumbe na kuwa godoro likianguka. Jaume alikuwa mmoja wao. Siku ile mtu mmoja wa kundi lao alikuwa mgonjwa.

"Una mabega?" akaniuliza.

"Ninayo. Lakini samahani, mimi ni mgeni, sijui."

"Nimekuuliza mabega tu."

Akanifunga kiunoni kitambaa cheusi, kirefu kama pande mbili za kanga. Hakifungwi kama tunavyofunga sisi. Mwenzako hushika ncha moja na kuivuta kwa nguvu zake zote, nawe huanza mbali, ukizunguka na kuzunguka kumwendea, hata kitambaa kikuishie kiunoni na wewe ukamgonge kifua. Huwezi kukifunga peke yako. Kilinibana hata nikasimama wima kuliko nilivyopata kusimama.

"Sikiliza," Jaume akasema. "Kifua kwenye mgongo wa aliye mbele. Mikono juu. Kidevu kifuani. Ukosi wa shati uume kwa meno. Mimi niko nyuma yako, mikono yangu mgongoni mwako. Usitazame juu."

"Nitajuaje kama wamefika?"

"Zumari itakwambia. Ikianza, wamesimama imara. Ikibadilika, mkono umeinuliwa. Wa chini hasikilizi kwa macho. Akitazama juu, shingo hulegea, na kifua huifuata shingo. Usitazame juu."

Nikauma ukosi. Nikasikia uzito ukija, si juu yangu bali kwa kupitia watu, kama maji yanavyokuja kwa kupitia mchanga. Sikujua bega ni langu au la nani. Hakuna aliyeniuliza jina. Kisha zumari ikaanza, na ilikuwa ile ile ya ufa wa dirisha, nami nilikuwa ndani yake safari hii, nikisikia inavyopanda.

Nikatamani kuona. Nilifungiwa dirisha utoto wangu wote. Nikasema nione mara moja tu. Nikatazama juu.

Niliona nyayo. Niliona migongo inayotetemeka, na juu kabisa mtoto akitambaa, amebakiza mtu mmoja kufika. Shingo yangu ikalegea, kifua kikaifuata. Nikausikia mtikisiko ukitoka kwangu ukipanda daraja kwa daraja, kisha mnara ukashuka juu yetu.

Hakufa mtu. Yule mtoto aliangukia migongo yetu, akachubuka kiwiko, akalia kidogo kisha akauliza kama watajenga tena. Mtu mmoja alitoka damu puani. Hakuna aliyejua kosa ni la nani ila Jaume, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mgongoni mwangu. Nikaanza kumwomba radhi. Nilimwomba kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa maneno matatu ya Kikatalani. Hakunikemea. Alikuwa akijifuta vumbi.

"Baada ya muda kidogo tutajenga tena," akasema. "Rudi mahali pako."

"Niwieni radhi, mimi nimewaharibia, mimi sistahili..."

"Filipo. Radhi haibebi mtu. Leta mabega."

Wakaanza kujipanga. Niliiona nafasi yangu. Waliiacha wazi, upana wa mtu mmoja, kati ya mgongo wa mtu nisiyemjua na kifua cha Jaume. Alikuwa amekwisha kuinua mikono, akinisubiri.

Nami nikaondoka. Nilijiambia ni kwa adabu, ili nisiwaharibie tena. Nikapita vichochoro nikateremka mpaka melini, nikakaa sitahani na kile kitambaa kiunoni. Kutoka huko nikaisikia zumari ikianza. Ikapanda. Ikabadilika: mkono umeinuliwa. Walifika bila mimi, kwa mabega ya mtu mwingine, na hilo liliniuma kuliko kuanguka.

Siku ya kuondoka Jaume alikuja gatini na mapipa ya mwisho. Nikataka kumrudishia kitambaa. "Kaa nacho," akasema. "Nafasi yako tulimtia ndugu yangu. Mama anasema wewe ni mtu mzuri, ila unaaga mapema mno." Nikamwambia samahani. Akacheka, akaenda zake.

Kitambaa hicho ndicho mbeleko yako. Mama yako alikiona sandukuni mwangu tulipooana, akaniuliza ni cha nini. Nikamwambia ni nguo ya Ulaya. "Ni nguo ngumu," akasema, "itabeba mtoto." Ilikubeba wewe kutoka hapa hadi shambani Kakuyuni na kurudi, misimu ya kulima na ya kuvuna, naye hakupata kujua niliivaa wapi. Laiti ningalimwambia. Kadzo angalinicheka, kisha angalinirudisha kwenye nafasi yangu kwa kunivuta sikio.

Sasa naja palipo pagumu. Nivumilie.

Mama yako alipofariki, wewe ulikuwa shuleni na uliletwa baada ya maziko. Hukuona. Asubuhi ya kuzika, wanawake wa Ganda walikuja kwa miguu na ngoma zao na kayamba, bibi yako mbele. Walikuja kumlilia mtoto wao kama wanavyolia wao, kwa kucheza. Mwalimu Stefano alikuwa ndani pamoja nami. Akaniangalia tu. Nikaenda mlango wa ua, nikaushika.

"Mkwe wangu," bibi yako akasema, "fungua."

"Mama, niwieni radhi. Kanisa haliruhusu."

"Hatukuja kwa kanisa. Tumekuja kwa Kadzo."

"Niwieni radhi sana, mama."

"Umekwisha kusema. Sasa fungua."

Sikufungua. Watu hao walinipokea mimi nisiye na kwetu, wakanipa binti yao wala wasiniulize ukoo. Mwenye kujifanya mgeni siku ile nilikuwa mimi, nikawafanya na wao wageni kwenye kifo cha mtoto wao. Walikaa njiani, nje ya ua, kimya, mpaka tukamaliza kuzika. Walipoondoka nilisikia kayamba ikitikisika yenyewe kwa mwendo, mkononi mwa mtu asiyeipiga. Sauti hiyo iko masikioni mwangu hata leo.

Ndiyo maana, mwanangu, mwezi uliopita ulipokwenda Ganda kuondoa matanga, nilikufuata. Hukuniona. Wazee hawajui. Nilisimama nyuma ya ghala la mahindi la mjomba wako, kofia mkononi. Nikaona wanawake wamepanga duara, na katika duara wameacha nafasi, upana wa mtu mmoja. Nikaitambua mara moja. Ilikuwa ya nyumba yetu. Ilikuwa yangu. Nikajiambia niingie, nikakohoa, na nilipokuwa bado nakohoa wewe ukatoka kwa bibi yako umefunga hando, ukaingia pale pale. Hukumtazama mtu. Kidevu kifuani. Na duara likafungika.

Hilo ndilo wanalotaka uliombe radhi.

Nimeomba radhi maisha yangu yote. Nimeiomba kwa wazungu na kwa Wahindi, kwa wenye haki nayo na kwa wasio na haki nayo, kwa jitu la mbao. Hii siiombi. Uniruhusu niseme kwa heshima zote zilizobaki kwangu: sitaki, na hawataipata kwa mwandiko wangu. Karatasi ile nimeitoa sandukuni mwako ulipokwenda kuwaaga majirani. Najua si adabu kufungua sanduku la mtu. Lakini maneno yale ni yangu, nami nimeyachukua. Nimeyatia motoni chini ya chungu cha maharagwe unayosikia harufu yake.

Ukipenda kuomba radhi, omba kwa maneno yako, nami sitakulaumu; cheti ni chako na safari ni yako, na najua umeitaka shule hiyo tangu ulipokuwa ukifundisha mbuzi kusoma. Sitakufanyia uamuzi. Nimekwisha kuwafanyia watu wa kutosha. Usipoomba, basi huenda wakakunyima cheti, na utapanda meli mikono mitupu, ukagonge mlango wa shule na kusema kwamba unajua kusoma, kuandika, kuhesabu na kushona, nao waone wenyewe. Wakikufukuza, rudi. Hutafukuzwa mlangoni hapa, wala hapa hutaulizwa kwa nini. Mlango wa ua nimeung'oa leo asubuhi. Ulidhani naufanyia matengenezo, nami sikukusahihisha.

Kwangu mimi nimekwisha kuamua. Kesho kwenye sala ya asubuhi, Mwalimu Stefano atakapokuita, nitasimama pamoja nawe. Nitamwambia kwamba aliyetoa hesabu ya nyimbo sita alikosea. Zilikuwa tisa. Nilihesabu mimi mwenyewe, nyuma ya ghala, na katika wimbo wa tisa mabega yangu nayo yalitikisika. Kama kuna anayestahili kutengwa, waanze na mwenye kofia. Meli yako ikiisha kuondoka nitakwenda Ganda kwa miguu, kwa bibi yako, na yeye nitamwomba radhi. Hiyo nitaiomba kwa magoti, bila karatasi, na ndiyo ya mwisho.

Kitambaa cheusi kiko juu ya nguo zako. Kukipambazuka uniletee hapa barazani. Mimi nitashika ncha na kuivuta kwa nguvu nilizo nazo. Wewe simama kule kwenye mlimau, uje ukizunguka, hata kikuishie kiunoni. Mwanamke kufunga vile watu watashangaa. Washangae. Kisha tutaingia kanisani, wewe mbele, mimi nyuma yako, mikono yangu mgongoni mwako.

Ukifika mbele usinitafute kwa macho, maana hutaniona uso. Kidevu changu kitakuwa kifuani na ukosi wa shati katika meno. Nitajua umefika wapi kwa kukusikiliza. Na ukisikia nakohoa, mwanangu, usigeuke. Sema lako.

Baba yako,
Filipo